Mnyama wa Wote, Kitalu cha Wachache: Haki na Uwajibikaji katika Ugawaji wa Uwindaji, kutoka Memmingen 1525 hadi Loliondo

Utangulizi

Mwezi wa Agosti mwaka 1521, Martin Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, wenyeji wake walimchukua kwenda kuwinda. Alimwandikia rafiki yake Spalatin habari za safari hiyo. Yeye hakuua mnyama. Alijaribu kumwokoa sungura mdogo kwa kumfunika katika mkono wa vazi lake, lakini mbwa wakamgundua na kumwua kwa kumng'ata kupitia nguo. Katikati ya nyavu na mbwa, Luther alijikuta akitafakari kitheolojia: aliwaona maaskofu na wanatheolojia wasiomcha Mungu kama mbwa wanaomsaidia Shetani kuziwinda roho za watu.

Kisa hiki hupendwa na wanafunzi, nasi pia tunakipenda. Lakini hakuna mahali ambapo Luther aliuliza siku ile swali lililo rahisi kuliko mengine: ni nani aliyekuwa na haki ya kuwinda katika msitu ule, na kwa idhini ya nani? Miaka minne baadaye wakulima wa Swabia walimwuliza swali hilo waziwazi. Naye alijibu kwamba jambo hilo ni la wanasheria.

Makala haya yanakusudia kulifuata swali hilo kutoka Memmingen mwaka 1525 hadi nchini kwetu Tanzania, ambako wanyamapori ni mali ya umma na haki ya kuwawinda hugawiwa makampuni binafsi kwa njia ya vitalu. Si nia yetu kujadili kama uwindaji wa kitalii ni halali mbele ya Mungu au la. Swali letu ni jembamba zaidi, na kwa maoni yetu ni gumu zaidi: kitu kilicho cha wote kinapogawiwa wachache, haki inadai nini, na ni nani anayepaswa kutoa hesabu?

1. Ibara ya nne ya wakulima

Mapema mwaka 1525 wakulima wa Swabia ya Juu waliweka madai yao katika maandishi yaliyokuja kujulikana kama Ibara Kumi na Mbili. Yaliandikwa katika mji wa Memmingen na Sebastian Lotzer, fundi wa manyoya, kwa msaada wa mhubiri Christoph Schappeler. Pembeni mwa kila dai waliandika mafungu ya Biblia, maana walitaka kupimwa kwa Neno la Mungu. Katika ibara ya mwisho waliahidi kwamba dai lolote litakaloonyeshwa kuwa kinyume cha Maandiko wataliacha.

Ibara ya nne ilihusu uwindaji na uvuvi. Hoja yake ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, Mungu alipomwumba mwanadamu alimpa mamlaka juu ya wanyama wote, ndege wa angani na samaki wa majini. Kwa hiyo desturi ya kumzuia maskini asimguse mnyama wala samaki wa maji yatiririkayo si ya kidugu. Pili, mahali pengine watawala waliwalinda wanyama wale kwa hasara ya wakulima: wanyama walikula mazao, na mwenye shamba alitakiwa kunyamaza. Tatu, na hapa ndipo wengi wetu hupita haraka, wakulima hawakudai kwamba kila mwenye milki anyang'anywe. Walisema kwamba mtu aliye na maji na awezaye kuthibitisha kwa hati kuwa aliyanunua kwa haki asinyang'anywe kwa nguvu, bali yatafutwe mapatano ya Kikristo. Lakini asiyeweza kuonyesha uthibitisho, arudishe kwa jumuiya.

Tuangalie vema jambo hili. Ibara ya nne haisemi tu, "mnyama ni wetu." Inasema pia, "tuonyesheni hati." Wakulima wasio na elimu ya chuo walitambua kwamba swali la haki halimalizwi kwa kujua nani anacho kitu. Lazima ijulikane alikipataje, na mbele ya mashahidi gani.

2. Jibu la Luther

Luther alijibu mwezi wa Aprili 1525 katika andiko lake la kuonya kwa ajili ya amani. Ni haki kukumbuka kwamba alianza kwa kuwakemea wakuu na mabwana kabla ya kuwakemea wakulima. Aliwaambia kwamba uasi ule ulitokana na wao wenyewe, kwa sababu walimkandamiza na kumkamua mtu wa kawaida ili waishi kwa anasa. Aliisifu ahadi ya ibara ya kumi na mbili. Lakini alipofika kwenye wanyama, ndege, samaki na misitu, alisema kwamba hayo anawaachia wanasheria, kwa kuwa haimpasi mwinjilisti kuyaamua.

Tusimdhihaki Luther. Alikuwa na sababu yake. Aliogopa kwamba Injili ingegeuzwa kuwa sheria ya madai ya dunia, na jina la Kristo lingekuwa bendera ya jeshi. Mhubiri anayejifanya hakimu wa kila shamba hupoteza mimbari, na wala hapati kiti cha hakimu. Onyo hilo bado lina nguvu.

Hata hivyo historia inatudai tutazame yaliyofuata. Wanasheria wengi wa wakati ule walikuwa watumishi wa mabwana walewale waliolalamikiwa. Ilikuwa vigumu kwa mkulima kupata baraza ambalo angeweza kuipeleka ibara ya nne akasikilizwa. Mwezi wa Mei vita vilikuwa vimepamba moto, Luther akaandika andiko lake kali dhidi ya wakulima, na tarehe 15 Mei wakulima walichinjwa Frankenhausen. Makadirio ya kawaida ya wanahistoria kwa vita vyote hufikia watu 70,000 hadi 100,000. Hatusemi kwamba walikufa kwa sababu Luther alikataa kujadili sungura na samaki. Twasema kwamba kumwambia mtu aende kwa wanasheria, mahali ambapo mlango wa wanasheria umefungwa kwake, si jibu kamili la kichungaji.

Na Luther mwenyewe ametupa kipimo kingine. Katika Katekisimo Kubwa, akieleza amri ya saba, anafundisha kwamba wizi si kuchukua fedha sandukuni tu. Wako wezi wakubwa wanaoketi vitini, wanaoheshimiwa mjini na kuchukua kwa njia inayoonekana kuwa ya halali, wakati wezi wadogo hutundikwa. Mwalimu wa Katekisimo hakuwaachia wanasheria neno hilo. Aliwapa wazazi wawafundishe watoto wao.

3. Kutoka leseni ya Mjerumani hadi kitalu cha kampuni

Katika nchi yetu uwindaji ulikuwa na taratibu zake kabla ya wageni kuja: miiko ya ukoo, majira, na sehemu ya mnyama iliyopelekwa kwa mtawala. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya jumla ya kuhifadhi wanyama katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, pamoja na leseni na maeneo yaliyofungwa. Baadhi ya wanahistoria wameonyesha kwamba kuzuiwa kuwinda na kutumia misitu kulikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyotangulia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Waingereza waliendeleza msingi uleule. Pori la Akiba la Selous lilianzishwa mwaka 1922 na kupewa jina la mwindaji Mwingereza aliyeuawa Beho Beho mwaka 1917. Mwanakijiji aliyewinda bila leseni akawa jangili, hata kama babu yake aliwinda palepale kwa heshima.

Uhuru ulibadilisha jina la mwenye mali. Katika Azimio la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori, ambalo halipaswi kuchanganywa na Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwatamka wanyama kuwa dhamana ambayo taifa jipya litaitunza kwa ajili ya watoto wa watoto wao. Neno dhamana ni zito. Anayeshika dhamana si mwenye mali bali wakili, na wakili hutoa hesabu.

Mwaka 1973 uwindaji ulipigwa marufuku, na mwaka 1974 ikatungwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori. Uwindaji wa kitalii ulipofunguliwa tena mwaka 1978, shirika la umma la TAWICO lilipewa kuuendesha peke yake. Kwa muda wa miaka kumi hivi hapakuwa na ushindani wa makampuni. Kisha, mwaka 1988, wakati wa mageuzi ya uchumi, Idara ya Wanyamapori ilichukua jukumu hilo na kuanza kuyakodisha makampuni binafsi vitalu.

Hapa ndipo swali la wakulima wa Memmingen lilipozaliwa upya. Vitalu havikupigwa mnada. Viligawiwa kwa uamuzi wa kiutawala. Ada ya kitalu ilikuwa dola za Marekani 7,500 kwa mwaka, na ilikuwa moja kwa vitalu vyote: kitalu chenye simba na chui wengi na kitalu kilichokauka vilikuwa na bei ileile. Mteja alilipa ada nyingine kwa kila mnyama aliyeuawa. Bei moja yaweza kuonekana kuwa ni usawa, lakini matokeo yake yalikuwa kinyume. Tofauti kati ya ada ya serikali na thamani halisi ya kitalu kizuri haikuenda hazina wala kijijini. Ilibaki mikononi mwa aliyegawiwa. Ndiyo maana ilitokea kwamba mwenye kitalu asiye na gari wala mwindaji bingwa aliweza kukikodisha kwa kampuni ya nje na kuishi kwa kodi hiyo. Karatasi yenye sahihi ikawa na thamani kuliko kazi.

Ubaya wa utaratibu huu ulijulikana mapema. Mwaka 1995 kulikuwa na mpango rasmi wa uwindaji wa kitalii uliopendekeza ushindani wa wazi, lakini ugawaji wa kiutawala uliendelea. Ada ilipandishwa mwaka 2007. Sheria mpya ya mwaka 2009 iliweka madaraja ya vitalu, ikaweka kikomo cha vitalu vitano kwa kampuni, na ikaunda kamati ya kumshauri Waziri. Lakini Waziri ndiye aliyekuwa akiiteua kamati, na Waziri huyohuyo ndiye aliyekuwa akigawa. Ushauri unaotolewa kwa siri kwa yule aliyekuteua ni kinga dhaifu. Mwaka 2012 ugawaji wa vitalu ulikuwa miongoni mwa mambo ya wanyamapori yaliyolalamikiwa Bungeni, na mwezi wa Mei mwaka huo Waziri wa Maliasili na Utalii alikuwa mmoja wa mawaziri walioachwa nje ya Baraza.

Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA, ilianza kazi mwaka 2016. Oktoba 2017 Waziri alitangaza kwamba ugawaji wa zamani ungeachwa na vitalu vingeuzwa kwa mnada. Mwaka 2019 TAWA iliendesha mnada kwa njia ya kielektroniki. Ilichukua miaka zaidi ya 30 tangu 1988 kufika hapo.

4. Loliondo

Wengi walilisikia jina la Loliondo mwaka 2011, wakati maelfu ya watu walipokwenda Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kanisa letu. Lakini jina hilo lilikuwa limekwisha kutajwa Bungeni na magazetini karibu miaka 20 kabla.

Mwaka 1992 haki ya kuwinda katika Pori Tengefu la Loliondo, lenye eneo la kilometa za mraba 4,000 hivi, ilitolewa kwa kampuni ya Otterlo Business Corporation, inayohusishwa na afisa wa jeshi kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu. Eneo hilo lilikuwa na vijiji na malisho ya Wamasai. Mwandishi wa habari Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliyafichua mambo hayo, naye alifariki mwaka 1993. Kiini cha malalamiko hakikuwa taifa la mgeni. Kilikuwa namna kibali kilivyotolewa: kutoka juu, bila ushindani, na bila ridhaa ya watu waliokuwa wakiishi na wanyama wale.

Ni lazima tuseme pia upande wa pili. Serikali imeshikilia kwamba sehemu ya eneo hilo ni mapito ya wanyama na chanzo cha maji kwa ikolojia ya Serengeti, na kwamba mifugo imezidi. Kampuni imetoa misaada ya maji, shule na barabara. Haya yana uzito wake. Lakini msaada si hesabu. Mtu anaweza kupokea kisima na bado akawa na haki ya kuuliza ni nani aliyetia sahihi.

Mwezi wa Julai 2009, katika mwaka wa ukame, maboma yalichomwa moto na watu wakaondolewa. Jambo hilo lilirudiwa mwaka 2017. Novemba mwaka huo Waziri alitangaza kwamba kampuni haitapewa tena kitalu, lakini iliendelea kuwapo. Mwezi wa Juni 2022 kilometa za mraba 1,500 ziliwekewa mipaka ili zitengwe kwa uhifadhi, eneo lijulikanalo kama Pololeti. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, na wengine walikimbilia Kenya. Mahakama ya Afrika Mashariki ilitupilia mbali kesi ya vijiji Septemba 2022, na Novemba 2023 kitengo cha rufaa kiliamuru isikilizwe upya.

Msomaji aone mfanano na ibara ya nne. Huko Swabia wanyama walikula mazao na mkulima akanyamaza. Kwetu sheria ina malipo kwa aliyeharibiwa shamba au kuuliwa ndugu, nayo huitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Majina hayo yamechaguliwa kwa uangalifu, maana hayasemi fidia. Fidia ni deni. Kifuta machozi ni huruma. Mwenye mnyama anapolipwa kwa dola na mwenye shamba anapopozwa kwa kitambaa, Kanisa laweza kuuliza kama mizani iko sawa bila kujifanya mahakama.

5. Zawadi, mnada na kura

Historia inaonyesha njia tatu za kugawa kitu cha umma kisichowatosha wote. Ya kwanza ni zawadi: mwenye mamlaka humpa amtakaye. Ya pili ni mnada: apewe alipaye zaidi. Ya tatu ni kura: wote waombao wana nafasi sawa.

Ubaya wa zawadi tumeuona. Hata kama mtoaji ni mwaminifu, hawezi kuthibitisha uaminifu wake, kwa sababu hakuna kipimo kinachoonekana. Mnada unarekebisha jambo hilo kwa sehemu: bei hutajwa na hazina hupata haki yake. Lakini mnada hufanya haki kati ya kampuni na kampuni. Haumwulizi mfugaji ambaye malisho yake yamo ndani ya kitalu kinachouzwa. Mnada wa wazi wa kitu kisichokuwa cha muuzaji pekee bado ni kosa, hata kama nyundo iligongwa hadharani.

Kura nayo haitoshi peke yake. Katika jimbo la Utah, Marekani, ambako pia wanyamapori ni mali ya umma, vibali 200 vya uwindaji vilitengwa kuanzia mwaka 2007 kwa ajili ya maonyesho ya kila mwaka yanayoendeshwa na vyama binafsi. Vibali viligawiwa kwa kura, na kila mwombaji alilipa dola 5. Kura yenyewe ilikuwa sawa kwa wote. Ugomvi ulihusu zile dola 5: mwanzoni vyama havikulazimika kuonyesha kwamba zilitumika kuhifadhi wanyama. Baada ya malalamiko, makubaliano ya mwaka 2012 yaliweka sharti kwamba dola 1.50 katika kila 5 zitumike kwa miradi iliyoidhinishwa. Somo ni hili: haki ya kugawa na haki ya kutoa hesabu ni mambo mawili. Njia safi ya kugawa haisafishi kapu lisilo na hesabu.

6. Mlangoni pa hema huko Shilo

Kitabu cha Yoshua, sura ya 18 na 19, kinasimulia jinsi nchi iliyobaki ilivyogawiwa makabila saba. Sura hizi huonekana kavu, orodha ya mipaka na majina. Lakini kwa swali letu zina mafundisho manne.

Kwanza, kilitangulia kitabu. Watu watatu kutoka kila kabila walitumwa kuipita nchi na kuiandika katika sehemu saba. Hakuna kilichogawiwa kabla hakijapimwa na kuandikwa, na waliopima hawakuwa watu wa mtawala peke yake. Kwa lugha yetu: idadi ya wanyama, mipaka ya kitalu, mgawo wa kuwinda na jina la aliyepewa vijulikane na wale wanaoishi hapo.

Pili, ugawaji ulifanyika mlangoni pa hema ya kukutania, mbele za Bwana na mbele ya kusanyiko. Uamuzi uliofanywa mbele za Mungu haukufichwa mbele ya watu. Mtume Paulo alifuata kanuni hiyohiyo alipobeba mchango wa makanisa (2 Wakorintho 8:20-21): alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana, na mbele ya wanadamu pia.

Tatu, Yoshua alipata sehemu yake mwisho, baada ya wote kwisha kugawiwa (19:49-50). Aliyesimamia ugawaji hakujitengea kwanza. Linganisha na Ahabu katika 1 Wafalme 21, ambaye alikuwa na ikulu na bado alilitamani shamba la jirani. Tukumbuke pia kwamba shamba la Nabothi lilichukuliwa kwa barua zenye muhuri, wazee wakiitwa na mashahidi wakiletwa. Taratibu zote za sheria zilitimizwa, na bado ilikuwa ni wizi na mauaji.

Nne, Walawi hawakupewa sehemu (18:7), na kuhani Eleazari alisimama pale pasipo kura yake mwenyewe. Hili latuhusu sisi moja kwa moja. Kanisa linaweza kuwa shahidi mlangoni kwa sababu halina kitalu. Siku mchungaji atakapopokea mabati ya kanisa au gari la usharika kutoka kwa mwenye kitalu, bila kuandika na bila kutangaza, atakuwa amepata sehemu, na ushahidi wake utakuwa umenunuliwa hata kama hakuna aliyekusudia kuununua. Nasi tunaotaka kuwauliza wengine hati, yatupasa kuwa tayari kufungua vitabu vya sadaka, vya viwanja na vya miradi ya Kanisa.

Hitimisho

Je, mambo ya wanyama na misitu ni ya wanasheria? Ndiyo, kwa maana kwamba mchungaji hachori mipaka ya kitalu wala hakati kesi. Katika hili Luther alisema kweli, na vijana wetu wanaotamani kugeuza mimbari kuwa jukwaa wamsikilize. Lakini si ya wanasheria peke yao. Palipo na mlango uliofungwa, ni kazi ya Kanisa kubisha pamoja na aliyefungiwa. KKKT haikuona kuwa ni nje ya wito wake kusema juu ya mambo ya taifa katika Tamko la Bagamoyo la mwaka 1994, wala katika waraka wa Pasaka wa mwaka 2018.

Kwa mchungaji aliye katika usharika unaopakana na pori, kazi hii huanza na mambo madogo. Ajue jina la kitalu kilicho jirani na nani amepewa. Aulize katika mkutano wa kijiji ni kiasi gani kilichofika katika halmashauri na kilifanya nini. Amsaidie mjane aliyeuliwa mume na tembo kuandika madai yake na kuyafuatilia, maana machozi yasiyoandikwa hayafutwi. Amtembelee gerezani kijana aliyekamatwa na nyama ya swala, na amwambie ukweli kwamba alivunja sheria. Kisha Jumapili aifundishe amri ya saba yote, pamoja na sehemu ile ya wanaoketi vitini.

Mwaka 1525 mafundi na wakulima waliandika mafungu ya Biblia pembeni mwa madai yao wakaomba wasahihishwe. Walisahihishwa kwa upanga. Miaka 500 imepita, na bado wako watu wanaouliza kwa sauti ya chini: mnyama huyu ni wa nani, na hati iko wapi? Swali hilo likifika mlangoni petu, tusiwaelekeze njia ya mahakamani na kufunga mlango. Twende nao.